Batula Apanga Kapu la Soko

Batula alizoea kuamka kabla ya adhana ya alfajiri. Porini, kazi yake ya kwanza ilikuwa kukamua ngamia. Sasa aliamka saa ileile, akatoka nje, akasimama tu. Hapakuwa na cha kukamua isipokuwa mbuzi mmoja mzee, naye alikuwa mchoyo wa maziwa kupita kiasi.

Ulikuwa mwaka 1967. Vita vilikuwa havijaisha katika Kaskazini Mashariki ya Kenya. Watu wa porini waliamriwa kukaa pamoja katika vijiji vyenye ulinzi. Familia ya Batula iliwekwa katika kijiji kimoja karibu na mji wa Garissa. Kijiji kilizungushiwa boma la miiba. Lango lilikuwa moja, na askari walikaa langoni. Siku ya soko, mara moja kwa juma, wanawake waliruhusiwa kwenda mjini asubuhi. Adhuhuri lango lilifungwa. Aliyechelewa alikuwa na maswali mengi ya kujibu.

Ngamia wa familia hawakuwepo tena. Wengine walikufa kwa ukame, wengine walipotea katika vurugu. Diriye, mume wa Batula, alipata kibarua cha kuvunja mawe ya barabara. Kipato kilikuwa kidogo, lakini kilikuwepo.

Nyumba yao ilikuwa ya matao ya miti iliyofunikwa mikeka. Ndani alikaa pia Timiro, mama yake Diriye, bibi mwenye ulimi mkali na moyo laini. Tena alikuwepo Raho, binti wa Batula. Raho alikuwa mzazi, mtoto wake bado mchanga. Alikuja kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, kama desturi. Mume wake, Nunow, alikuwa mbali, katika mji wa Habaswein, akingoja ruhusa ya kusafiri. Mpaka arobaini itimie, Raho hakutakiwa kutoka wala kufanya kazi. Kazi yake ilikuwa kula na kunyonyesha. Kumlisha ilikuwa kazi ya mama yake.

Siku moja ya soko, Batula alichukua kapu lake.

"Hooyo," Raho alimwita mama yake, "samli bado ipo?"

"Itakuwepo."

"Nitazame ndani ya chombo?"

"Usitazame!" Batula alisema. "Chakula kikichunguliwa na kupimwapimwa, baraka yake huondoka."

"Kweli kabisa," Timiro aliitikia kutoka kitandani. "Mabinti wa siku hizi wanataka kujua kila kitu."

Batula akaenda. Mjini alikutana na watu wa ukoo wake. Mnajua salamu za watu waliotengana. Amani? Amani. Watoto wazima? Wazima. Fulani yuko wapi? Fulani amefariki. Mtu hawezi kupita hivihivi.

Kisha alikwenda duka la Keinan, akanunua sukari na majani ya chai. Alipita kwa wauza nguo upande wa pili wa soko, akachagua kitambaa kwa ajili ya Raho. Akakumbuka tumbaku ya Timiro, akarudi nyuma. Akakumbuka kiberiti, akarudi tena kwa Keinan. Alipofika kwenye duka la nafaka, foleni ilikuwa imefika barabarani. Alisimama hapo mpaka jua likawa juu ya utosi. Alipata unga kiasi cha kufunika chini ya kapu. Halafu akakimbia.

Alifika langoni akihema.

"Mama, umechelewa," askari alisema. "Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nabanga foleni, askari," Batula alijibu kwa Kiswahili chake cha lafudhi ya Kisomali, kisicho na p wala z. "Nabeleka chakula kwa msasi."

Askari alilitazama kapu, akatikisa kichwa, akamruhusu kupita.

Nyumbani Timiro aliiona sukari, akafurahi. Chai ilipikwa. Majirani walikuja, wakanywa, wakasifu. Mwenyeji aliyetoa chai tamu hana aibu mbele ya watu.

Lakini jioni, Batula alipotaka kumpikia Raho uji, alifungua chombo cha samli. Kilikuwa kitupu. Alifungua gunia la mtama. Chini palikuwa na vumbi na wadudu. Alifungua kopo la majani ya chai ili atie yale mapya. Kopo lilikuwa limejaa.

Ule unga kidogo uliisha upesi. Siku ya soko ilikuwa mbali bado. Diriye alijaribu kukopa unga kwa jirani mmoja, lakini jirani naye alikuwa akikung'uta gunia. Walikunywa chai asubuhi, wakanywa chai mchana. Mtoto akaanza kulia. Mwanzo alilia kwa nguvu. Baadaye kilio kikawa chembamba, na hicho ndicho kilichomtia Batula hofu. Raho alimweka kifuani, mtoto akavuta, akaachia, akalia.

Jirani yao, Saynab, alisikia. Alikuja na bakuli la uji chini ya mtandio wake. Kwa miaka mingi Saynab alikuwa mpishi wa hoteli moja ya chakula mjini. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye kuuliza maswali bila kuzunguka.

"Mtoto analia tumbo au njaa?"

"Njaa," Batula alijibu. "Maziwa ya mama yake yanapungua."

"Mama yake amekula nini leo?"

"Chai."

"Na jana?"

Batula aliangalia chini. "Chai."

Saynab alimpa Raho uji. Alingoja mpaka akamaliza. Kisha akaketi karibu na Batula.

"Abaayo, dada yangu, usinikasirikie. Sokoni ulinunua nini?"

Batula alimtajia. Sukari. Majani ya chai. Tumbaku. Kitambaa. Unga kidogo.

Wengine wangecheka. Saynab hakucheka. "Hilo ni kapu la mtu mwenye ngamia," alisema.

"Una maana gani?"

"Porini maziwa yako nyumbani. Samli iko nyumbani. Nyama iko nyumbani. Mtu akienda mjini ananunua kile ambacho mnyama hakitoi. Sukari, chai, tumbaku, nguo. Mama zetu walinunua hivyo, na walikuwa sahihi. Lakini ngamia wako wamekwenda, Batula. Kapu lako bado halijapata habari."

Siku ngamia wa mwisho alipokosekana, Batula hakulia. Alipoletwa kijijini, hakulia. Sasa alifunika uso kwa mtandio, akalia mpaka mabega yakatikisika. "Mimi ndiye niliyemnyima mtoto wangu," alisema. "Mimi, si vita."

"Hukumnyima. Ulifanya ulivyofundishwa," Saynab alisema. "Lakini ukirudia, hapo utakuwa umemnyima. Njoo. Tufungue vyombo vyote tuone kilichopo."

"Hapana!" Timiro aliinuka kitandani. "Hamtapima chakula cha nyumba hii. Mtafukuza baraka."

Saynab alimgeukia kwa heshima. "Eddo, shangazi yangu, jioni ngamia waliporudi bomani, mlikuwa mkiwahesabu?"

"Astaghfirullahi! Nani anahesabu ngamia kwa mdomo? Ni kuita kijicho."

"Sasa mlijuaje kama wote wamerudi?"

"Tuliwatazama. Mimi nilisimama kwenye lango la boma, nikawatazama wakiingia. Asiyekuwepo nilimjua mara moja, hata awe ndama."

"Na baraka iliondoka?"

Timiro aliketi tena. Alijua amenaswa, na hakupenda.

"Basi hatutahesabu, eddo," Saynab alisema. "Tutatazama. Tutajua asiyekuwepo."

Bibi alivuta mtandio wake. "Anzeni na kopo la chai," alisema. "Hilo najua limejaa."

Walifungua chombo baada ya chombo. Saynab alichukua kipande cha boksi na kaa la moto lililozimika. Batula hakujua kusoma, kwa hiyo walichora. Mtama haupo: wakachora suke. Samli haipo: wakachora chombo chenye mfuniko. Maharagwe hayapo. Chumvi ipo, wakaiacha. Majani ya chai yapo, wakayaacha.

"Sasa," Saynab alisema, "katika nyumba hii nani hawezi kungoja?"

"Raho," Batula alisema. "Na mtoto."

"Basi chakula cha Raho kinakaa juu kabisa. Cha nyumba nzima kinafuata. Chini kabisa tunaweka vitu ambavyo tukivikosa, hakuna atakayeumia. Sukari nayo imekwisha. Utaiweka wapi?"

Batula alisita. "Na mgeni akija?"

"Nakuuliza wewe."

Batula alichukua kaa. Akachora sukari chini kabisa. Mkono wake haukupenda.

"Kuna jambo jingine. Sokoni ulikwenda kwa Keinan mara ngapi?"

"Nilirudirudi."

"Nilipokuwa napikia hoteli, ningerudirudi hivyo, wateja wangekula meza. Vitu vya mahali pamoja viweke pamoja kwenye mchoro. Anza penye foleni ndefu, kwa sababu hapo ndipo asubuhi inapoishia. Duka la nafaka kwanza, mtama na maharagwe pamoja. Halafu wanawake wa samli. Keinan mwisho, yuko njiani kurudi. Ukipata kitu, kifutie alama. Na salamu, abaayo, salimu huku unatembea."

"Watasema nina kiburi."

"Waambie una mzazi nyumbani. Nani atakulaumu?"

Mpaka siku ya soko ilipofika, Saynab aligawana nao uji wake. Jamani, tumshukuru jirani wa namna hiyo, maana shauri bila uji halishibishi.

Siku yenyewe, Batula alikuwa wa kwanza langoni. Kipande cha boksi kilikuwa ndani ya nguo yake. Mjini shangazi mmoja alimwita kwa mbali. Batula aliitikia, akamwambia ana mzazi, na shangazi mwenyewe akamsukuma aende haraka.

Duka la nafaka halikuwa na mtama. Batula alikitazama kipande chake. Suke lile lilikuwa juu kwa sababu ya uji wa Raho. Je, hapakuwa na kitu kingine cha kufanya uji?

"Una unga wa mahindi?" aliuliza.

"Upo."

"Nipe huo. Na maharagwe."

Akafuta suke, akafuta maharagwe. Kwa wanawake wa samli alinusa vyombo viwili, akachukua kizuri. Akafuta. Alikuwa anaelekea kwa Keinan aliposikia watu wakiitana barabarani. Lango lingefungwa mapema siku hiyo. Hakuna aliyejua sababu, na wakati ule watu hawakuuliza sababu.

Wanawake walianza kukimbia. Wengine walikuwa wameshika sukari tu. Mmoja alikuwa bado kwenye foleni ya nafaka, analia kwa hasira. Keinan alisimama mlangoni pa duka lake.

"Eddo Batula! Sukari leo hutaki?"

Batula aliitazama sukari. Aliijua njia ya kwenda langoni na uzito wa mzigo wake. "Juma lijalo, inshallah," alisema, akaendelea kutembea.

Alipita langoni kabla halijafungwa. Jioni ile Raho alikula uji mzito wenye samli, akala tena. Batula alimkalia kama askari mpaka bakuli likawa safi.

Baada ya swala ya magharibi, mgeni aliingia. Alikuwa mzee Olow, rafiki wa Diriye tangu ujana, wa kijiji hichohicho. Batula alipika chai. Alipomimina, masikio yake yalikuwa ya moto kwa aibu.

"Mzee wangu, utusamehe," alisema. "Chai yetu leo haina sukari."

Diriye aliangalia mikono yake. Timiro ndiye aliyejibu. Alichukua kikombe chake, akanywa mbele ya mgeni, akakunja uso, akameza.

"Sukari ya nyumba hii inanyonya kule nyuma ya pazia," alisema. "Kunywa, Olow. Hujafa bado."

Mzee Olow akacheka, akanywa. Nyuma ya pazia mtoto hakulia.

Kila juma Batula na Timiro walifungua vyombo pamoja, na Timiro ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Samli inafika hapa," alisema, akigusa chombo kwa kidole. "Haitavuka juma. Ichore." Sukari ilirudi nyumbani baada ya majuma machache. Ilirudi ikiwa kidogo, na ilirudi baada ya chakula. Wanawake wengine walikuja kuuliza kuhusu kile kipande cha boksi. Saynab aliwafundisha, na Batula alimsaidia. Wenzetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Batula hakuwa na daftari. Alikuwa na kaa, na alikuwa na macho.

Arobaini ilipotimia, Raho aliogeshwa, akavaa vizuri, akatoka nje na mtoto mgongoni. Jua lilimchoma macho. Wanawake walipiga vigelegele. Alitembea kidogo tu, kutoka mlangoni mpaka kwa Saynab, akasimama kupumzika.

"Hooyo, njoo umchukue mtoto," alilalamika. "Ni mzito, mgongo unaniuma."

Batula hakuwahi kusikia lalamiko lililomfurahisha namna hiyo. Alinyoosha mikono, akampokea mjukuu wake. Kweli alikuwa mzito.