Wapanda Farasi wa Jumba la Montesardo

Saa tatu asubuhi.

Nyuma ya duka la pizza za kukaanga, Tullio alimwaga unga mezani, akachora ngazi kwa kidole.

"Jeneza likishuka ngazi za jumba la Montesardo, waombolezaji wote watalifuata. Nunzia, wewe unabaki juu na picha."

"Picha yenyewe ikoje?" aliuliza Gaspare.

"Wino kwenye karatasi, we bwege. Askari na wapanda farasi. Ina miaka mia nne. Wewe kazi yako mlango tu."

"Mikono mitupu?"

"Nani huenda msibani na bastola?"

Nunzia alilitazama koti la Tullio. Limetuna ubavuni. Hakumwonya Gaspare, ingawa alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Saa tano.

Nunzia alilia kuliko wafiwa. Jeneza liliposhuka, akakausha macho na kutungua fremu ukutani. Farasi walipanda juu ya askari walioanguka. Mistari michache tu, lakini ungedhani unasikia kwato. Akaitoa karatasi, akaitia kwenye jalada chini ya shela.

"Wewe! Unafanya nini?"

Mlinzi. Gaspare akamrukia. Bastola ya mlinzi ikalia.

"Kimbia, dada!"

Akakimbia, akidhani mdogo wake yu nyuma yake. Uchochoroni Tullio alikuwa keshawasha gari.

"Gaspare bado!"

"Gaspare basi tena."

Gari likang'oka. Kwenye kioo cha nyuma Nunzia alimwona mdogo wake akitoka getini, anaburuta mguu, suruali imelowa damu.

"Rudi, Tullio!"

"Vijana wamejaa Napoli. Karatasi hiyo ni moja."

Nunzia akashusha kioo, akalitoa jalada nje.

"Huthubutu, malaya we!"

Akaliachia.

Tullio alikanyaga breki, akaruka nje akitukana. Nunzia akahamia kwenye usukani, akarudi kinyumenyume kwa kasi hadi getini. Gaspare akajitupa kiti cha nyuma.

Walipompita Tullio, alikuwa amepiga magoti barabarani, jalada kifuani, bastola mkononi. Risasi yake ikapasua kioo. Iliyofuata haikuwa yake: askari walikuwa wamefika kwenye kona. Akaanguka kifudifudi juu ya jalada.

"Tunaenda wapi?" Gaspare alinong'ona.

"Hospitali."

"Watatukamata, dada."

"Acha watukamate. Kandamiza hilo jeraha."

Akakanyaga mafuta.