Toleo la Pili Limeahirishwa

Ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha miradi, na duka la fotokopi la Nyevu pale mtaani Buxton lilikuwa limejaa wanafunzi mpaka barazani. Mashine mbili zilikuwa zikinguruma. Harufu ya wino na ya karatasi iliyopata moto ilikuwa imejaa chumba kizima, na kila aliyekuwamo alidai kuwa yeye ndiye wa kwanza.

"Nyevu, mimi nimetangulia."

"Nyote mmetangulia," Nyevu alijibu bila kuinua kichwa. "Foleni yangu haina wa mwisho."

Swafia alikuwa amebanwa ukutani, buibui limekunjika, mtandio wake wa rangi ya zabibu ukimteleza kila mara. Alikumbatia mradi wake juu ya mifereji ya maji machafu ya Majengo kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Nyuma yake alisimama kijana mrefu aliyekunja mikono ya shati, vidole vyake vina madoa ya wino wa kijani.

"Samahani dada, umekanyaga karatasi yangu."

"Na wewe umeegemea mkoba wangu."

"Basi tumelipana."

Swafia aligeuka amjibu, na mkono wake ukagonga marundo mawili ya nakala, lake na la kijana, yaliyokuwa juu ya meza. Kurasa zilitawanyika sakafuni. Wote wawili waliinama, wakaokota, wakasukumana na miguu ya watu, na Nyevu akapiga kelele kuwa saa kumi na moja anafunga.

Jioni ile, nyumbani kwao mtaa wa Kuze, Swafia alifungua nakala yake. Baada ya ukurasa wa arubaini alikuta maneno asiyoyaandika yeye: *Askari asiyepata chakula kwa zamu mbili hawezi kushambulia. Akikosa zamu ya tatu, huondolewa ubaoni.* Chini ya ukurasa palikuwa na nambari ya simu. Kwa kuwa nakala nyingine alikuwa ameshaiwasilisha, akapiga mara moja.

"Assalamu alaikum. Wewe ndiye unayewanyima askari chakula?"

"Waalaikumu salaam. Na wewe ndiye mwenye mitaro ya Majengo?"

"Ndiye. Na mwalimu wangu akiniuliza njaa ya askari inahusu nini na mitaro, nitampa nambari yako umjibu mwenyewe."

"Mwambie ngome isiyo na maji haidumu."

Swafia alicheka bila kutaka. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuona jambo limekaa upande akanyamaza, aliuliza: "Lakini hapa hujaeleza. Meli ya chakula ikifika zamu ileile ya tatu, askari anakula kwanza au anaondolewa kwanza?"

Ilisikika sauti ya kurasa zikipekuliwa.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo," alisema kijana. "Naitwa Khubaib."

Khubaib alikuwa mchora ramani katika ofisi ya wapima ardhi. Kwa miaka mitatu, baada ya kazi, alikuwa ametengeneza mchezo wa vita wa mezani alioupa jina Ngome na Bahari: ubao mkubwa wenye ramani ya kisiwa, vipande mia mbili na arubaini vya kadibodi, na wachezaji wawili wanaoweza kushindana kutoka asubuhi mpaka maghribi. Masanduku themanini yalikuwa yameshafika mikononi mwa watu. Tatizo lilikuwa kitabu cha kanuni. Toleo la kwanza lilijipinga lenyewe, marafiki wakagombana juu yake, na Khubaib akaahidi toleo la pili, lililosahihishwa. Aliahidi Januari. Swafia alipompigia ilikuwa Februari.

Swali lake likawa Kanuni ya Ishirini na Saba, na kanuni hiyo ikakizuia kitabu. Askari akila kwanza, ngome haianguki kamwe. Akiondolewa kwanza, meli za chakula hazina kazi. Khubaib aliiandika, akaifuta, akaiandika tena. Januari ikawa Machi, Machi ikawa baada ya Idd, baada ya Idd ikawa Juni.

Kila Jumamosi asubuhi ubao ulitandazwa dukani kwa Nyevu, kati ya mashine na sahani ya viazi karai. Swafia alishika ngome, Khubaib alishika meli za wavamizi, Nyevu alishika daftari la makosa.

"Hamisha askari wako, laazizi, nisije nikakuonea huruma," Khubaib alimwambia siku moja.

"Huruma yako iandikie kanuni kwanza. Nitajuaje inaanza zamu ya ngapi?"

"Inaanza ukija na mtandio huo."

"Nyevu, andika: mshambulizi amepoteza zamu kwa kutazama mtandio."

"Nimeandika," alisema Nyevu. "Na nimeandika kuwa nyinyi wawili mnanifukuzia wateja."

Ilikuwa Mei Khubaib aliposema neno ambalo Swafia alilibeba kila mahali tangu siku hiyo. "Kitabu kikitoka tu, wazee wangu watakuja kwenu na barua ya posa. Nimewaahidi watu themanini jambo, sijalitimiza. Nikija kwa ami yako, aliye mahali pa baba yako, hivi nilivyo, ataniamini vipi?"

Swafia alikubali, na tangu siku hiyo alianza kukiogopa kitabu. Kila simu ikilia alidhani ni habari yake. Katika kundi la wachezaji kwenye simu, Katana wa Majengo aliandika kila wiki: "Tupe kitabu, au tuje tuivamie ngome ya kwenu." Watu walicheka. Swafia hakucheka. Kila tarehe iliyosogezwa ilikuwa na yeye ndani yake.

Mwishoni mwa Juni, siku ya Jumapili, barua ya posa ililetwa nyumbani. Haikuwa ya Khubaib. Ilikuwa ya Zein, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mwenye adabu ambaye hakuna aliyeweza kumtoa kasoro. Bi Mwanaesha, mamake Swafia, aliiweka juu ya kabati na kumwambia bintiye afikirie kwa utulivu. Swafia aliingia chumbani akapiga simu.

"Khubaib, kuna barua imeletwa kwetu."

"Barua gani?"

"Barua ya posa. Ya Zein."

Swafia alingoja aseme nakuja, aseme kataa, aseme lolote.

"Nimesikia," alisema Khubaib. Simu ikakatika.

Asubuhi iliyofuata ami yake, Maalim Kamaludin, aliyekuwa walii wake wa ndoa tangu babake afariki, alimuuliza, na Swafia akasema hapana, kwa heshima. Kisha akakaa kumngoja Khubaib ampigie. Jumatatu ikapita. Jumanne alichaji simu mara tatu ingawa haikuwa imeisha chaji. Jumatano mama alimuuliza kwa nini anakwenda na simu mpaka jikoni, naye Swafia akaunguza mahamri. Hakutaka kupiga yeye. Alishapiga mara moja, na alijibiwa neno moja.

Alhamisi, wakati wa adhuhuri, ujumbe uliingia kwenye kundi: "Ndugu zangu, toleo la pili limeahirishwa. Safari hii sina tarehe. Nisameheni nyote."

Swafia aliusoma akiwa amesimama uani, nguo mbichi mkononi. Nyote. Na yeye alikuwa mmoja wao. Aliona kama ameachwa pamoja na wale watu themanini, kwa ujumbe uleule.

Alitupia buibui, akatembea mpaka Buxton, jua likimpiga kichwani. Nyevu alimtazama mara moja akamsogezea kiti.

"Amekuja hapa?" Swafia aliuliza.

"Jana. Alikaa hapo ulipo saa nzima, hakutoa nakala wala nini. Nikamwambia, kaka Khubaib, hapa ni dukani, si hospitali. Akaniuliza kama umeshajibu barua. Nikamwambia akuulize wewe. Akasema haruhusiwi."

"Haruhusiwi na nani?"

"Hilo nami nataka kulijua. Mpigie, hapa mbele yangu, kabla sijampigia mimi."

Khubaib aliitika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Nani amekukataza kuzungumza nami?" Swafia aliuliza. Hakusalimu.

"Swafia, mwenzangu ametangulia kuleta barua. Dini haituruhusu kuposa juu ya posa ya mwingine. Nimesoma, nimerudia kusoma. Mpaka nyumba yenu ijibu, mimi natakiwa kukaa kando. Nimekaa kando. Sili, silali, kitabu sikioni. Lakini nimekaa."

"Ulimuuliza mtu yeyote?"

"Nilisoma."

"Nilikataa Jumatatu, Khubaib. Kabla ya adhuhuri. Barua ya watu ilirudishwa kwa heshima, na mwenyewe ameshashukuru."

Nyevu aliacha kukata karatasi.

"Jumatatu," Khubaib alirudia taratibu. "Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa nini hukuniuliza? Nilikuambia kuna barua nikidhani utaamka. Ukaenda kufungua vitabu. Halafu ukaniaga kwenye kundi, na Katana akiwemo."

"Sikukuaga wewe. Sikuweza kuandika hata mstari. Nilikuwa nikiona kila kanuni inanifukuza."

Swafia alifuta uso kwa ncha ya mtandio. Hasira ilikuwa bado ipo, lakini chini yake kulikuwa na kitu laini alichokifahamu.

"Nisikilize, roho yangu. Hiyo kanuni ya ishirini na saba haina tatizo. Umeshaicheza kwa njia zote mbili mara ngapi? Unajua ipi ni bora. Unaogopa kuamua, kwa sababu ukiamua kuna mtu atasema umekosea. Na mimi umenifunga palepale, nyuma ya kanuni isiyoisha. Sitaki kungoja kitabu kisicho na kosa. Hakipo. Toa ulicho nacho, ndipo wazee waje. Ukishindwa, niambie leo, nami nitalia leo, nimalize."

Ng'ambo ya pili ilisikika sauti ya mtu akivuta kiti.

"Ale kwanza," Khubaib alisema.

"Nani?"

"Askari. Meli ikifika, ale kwanza. Ngome itakuwa ngumu kuangushwa, basi na iwe. Sikuwahi kupenda kumwondoa mtu ubaoni na chakula chake kimefika bandarini."

Ijumaa baada ya swala, kitabu kilitumwa kwenye kundi, kurasa sitini na nne. Katika ukurasa wa mwisho Khubaib aliandika kuwa makosa yamo, hajui ni wapi, na atakayeyaona amwambie. Katana aliyaona mawili kabla ya alasiri. Khubaib alimjibu yote mawili bila kukiondoa kitabu.

Jumapili, baada ya alasiri, alifika Kuze na babake na wazee wawili, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, harufu ya udi ikiwatangulia mlangoni. Barua ilikabidhiwa, kahawa ikanywewa. Maalim Kamaludin alimgeukia kijana.

"Nimesikia ulijizuia siku nne kwa sababu ya barua ya mwenzako."

"Ndiyo, ami. Niliogopa kuvunja katazo."

"Kuogopa ni kuzuri. Lakini katazo ni pale mwenzako ameshakubaliwa. Hapa hakuna aliyekubaliwa. Masomo haya nafundisha kila siku hatua hamsini kutoka mlangoni hapa, na milango yangu haina komeo. Ungekuja kuuliza."

"Nilisoma peke yangu, ami."

"Ndiyo hatari yake," alisema Maalim, na babake Khubaib akaficha tabasamu kwenye kikombe.

Maalim aliinuka, akaenda mpaka kwenye pazia la chumba cha ndani. Upande wa pili Swafia alikuwa ameketi karibu na mamake, leso mpya mabegani.

"Mwanangu Swafia," ami alisema, "Khubaib ameleta barua yake. Unajua desturi yetu. Ukinyamaza, nitajua umeridhika."

Bi Mwanaesha alimshika mkono ili anyamaze vizuri, kama yeye alivyonyamaza siku yake, na mamake kabla yake. Sebuleni Khubaib alitazama zulia.

Swafia alifikiria siku zile nne. Aliuondoa mkono wa mamake taratibu.

"Ami, nimenyamaziwa wiki hii, na niliuelewa ukimya ule vibaya," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka sebuleni. "Sitaki mtu abahatishe wangu. Nimekubali. Na aambiwe hivyo hivyo, kwa maneno."

Maalim Kamaludin alirudi kukaa. "Umesikia," alimwambia Khubaib, "au nirudie?"

"Nimesikia, ami," Khubaib alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu barua ya Zein akacheka. "Lakini ukirudia sitakataa."