Mjane wa Makumbusho ya Mokaya

"Dada, muziki huu hakukutungia wewe."

Bathsheba alikuwa bado ameshika kifuniko cha piano. Wageni wengine walikuwa wametoka. Aliyebaki ni mama mmoja aliyejitambulisha mlangoni kama Nyatichi, kutoka Migori.

Nyumba hiyo, katika mji mdogo wa Rodi Kopany, ndimo marehemu mumewe, Mokaya, alimotungia kazi zake zote za piano na kwaya. Alipofariki, Bathsheba aliifanya makumbusho. Kila mgeni alimwonyesha miwani na viatu vya mumewe na karatasi zake za muziki, kisha akamalizia kwa kumpigia kwenye piano kipande kile, akisema Mokaya alimtungia kama zawadi ya harusi.

"Umesemaje?"

"Alinitungia mimi. Tulikuwa wachumba. Wazazi wangu ni Wakatoliki, wakakataa niolewe na Msabato. Sikuja kukuumiza. Nilitaka tu kuona piano yake."

"Lakini aliupiga kwenye harusi yetu."

"Najua. Nilikuwa nimeketi nyuma kabisa."

Bathsheba akatafuta kiti.

"Nani mwingine anajua?"

"Caleb. Yeye ndiye alikuwa akiniletea salamu."

Caleb alikuwa mwalimu wa kwaya, rafiki wa Mokaya, na ndiye aliyekuja kukaza nyuzi za piano. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwomba Bathsheba wafunge ndoa. Bathsheba alikataa. "Watu huja hapa kumwona mjane wa Mokaya," alimwambia. "Nikiolewa nitakuwa nani humu ndani?"

Nyatichi alipoondoka, Bathsheba alimpigia Caleb simu.

"Nyatichi alikuwa hapa."

"Amekuambia," akasema Caleb.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Nasimama hapa nadanganya watu, na wewe umekaa pale unaniangalia tu?"

"Ningekuambia, ungeona namchafua rafiki yangu aliyekufa ndio nikupate."

Bathsheba akakata simu. Baadaye ujumbe wa Caleb ukaingia:

"Sikuombi kitu. Lakini jua hili. Mokaya akiwa hospitalini aliniambia bila wewe asingemaliza hata kazi moja."

Bathsheba aliusoma, akaweka simu chini. Alilia kwa siku kadhaa, na si kwa sababu ya Nyatichi. Alijililia mwenyewe, mwanamke aliyekuwa akipangusa viatu vya mtu aliyekufa huku yeye akizeeka.

Jumapili ikaja kwaya kutoka Homa Bay. Bathsheba alipomaliza kukipiga kile kipande, mwalimu wao akauliza:

"Mama, kipande hiki alimtungia nani?"

Bathsheba akafunga kifuniko cha piano.

"Msichana aliyempenda kabla yangu. Yuko hai, na alikuja hapa akakisikia."

"Na wewe alikutungia kipi?"

"Hakunitungia. Mimi niliishi naye, nikamuuguza mpaka mwisho. Hayo pia yalitokea katika nyumba hii."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu yule akavua kofia, na Bathsheba akawaambia waendelee kutazama.

Walipoondoka, Bathsheba akachukua simu.

"Caleb, bado unataka kunioa?"

"Nataka."

"Makumbusho sifungi. Kazi yake ni nzuri, watu waisikie. Lakini mimi sitakuwa tena kitu cha kuonyeshwa humu."

"Sijawahi kukuona hivyo, Bathsheba."

Bathsheba akafuta macho kwa ncha ya leso.

"Basi njoo. Usipitie mlango wa wageni. Pitia jikoni, naweka chai."