Mkono Usiosikia Moto

Walikutana sokoni saa za watu wengi, mwanadada kabeba vitambaa mpaka kidevuni, jamaa katoka na kikombe cha chai. Chai ikaishia kwenye kitambaa cheupe cha mteja.

"Sasa hiki nitakifulia wapi, kaka?"

"Dada, nipe simu yako. Ikiharibika wakati wowote, nakutengenezea mpaka uzeeke."

Basi Fundi Simu akampata Fundi Cherehani hivyo. Akambatiza Sindano, kwa wembamba na kwa mdomo. Miezi minane, simu asubuhi, simu jioni, "umekula mpenzi," "bado nakusubiri wewe," mpaka majirani wakachoka.

Halafu siku moja Sindano, gauni la njano la mikono mifupi, akaegemea meza ya jamaa akimcheka. Kiwiko kikatua juu ya chuma cha kulehemu, cha moto kabisa. Hakustuka. Jamaa ndiye aliyesikia harufu.

"We mwanamke, una akili kweli? Toa mkono!" akafoka mbele ya wateja.

Sindano akatazama ngozi imebabuka, na haikuuma hata kidogo. Hali hii aliijua.

Akaondoka bila kuaga. Siku kumi hakupokea simu. Meseji zikamiminika: "Samahani kwa kukufokea." "Nifokee na wewe basi tuwe sawa." Maskini, alidhani kosa ni sauti yake.

Siku ya kumi na moja akamfuata nyumbani. Dada mtu akafungua. "Ingia, shemeji. Mimi nimemwambia aseme, hataki."

Sindano hakuinuka kwenye cherehani.

"Hukunikosea. Ni ukoma. Nilitibiwa kabla hujanijua, mwaka mzima wa vidonge, nikamaliza, nikapona. Miaka sita imepita. Juzi kliniki wamenikwangua ngozi ya sikio wakapima. Umerudi."

Jamaa akauliza: "Na mimi?"

Hilo lilimchoma kuliko kile chuma. Lakini akajibu, sauti imenyooka: "Utapimwa. Kesho saa mbili naanza dozi, namezea mbele ya nesi. Niliumaliza mara moja, nitaumaliza tena. Ukija, uje kwa hiari yako. Usipokuja, mimi sikupigii."

Kesho yake saa mbili kasoro jamaa alikuwa kwenye benchi la kliniki, shati jeupe limepigwa pasi, kwapa zimelowa.

Nesi akamfumbisha macho, akamgusa na pamba, huku na huku. "Onyesha nilipogusa."

Akaonyesha pote. Mara ya mwisho akatabasamu. "Shingoni. Na huyo si wewe, nesi."

"Umejuaje?" Sindano akauliza, kidole bado shingoni mwa jamaa.

"Nesi hatetemeki."

"Uko sawa, kijana," nesi akasema, akavuta kadi ya dawa. "Dada, nani atakusimamia vidonge vya nyumbani?"

"Mimi," jamaa akadakia.

"Uhusiano?"

"Mchumba. Harusi akishamaliza dawa."

Sindano alikuwa anameza vidonge vya kwanza. Akashushia maji, akafuta mdomo.

"Mwaka mzima? Dawa nitameza, na maisha siyaweki foleni. Miezi miwili inatosha, gauni najishonea."

Jamaa akamtazama, akacheka mpaka macho yakalowa. "Haya, Sindano. Miwili."

"Sasa niandike nini?" nesi akauliza.

"Mume," akasema Sindano. "Kwa penseli. Nikifuata pakiti ya tatu, miezi miwili ikitimia, utakoleza kwa kalamu."