Njano ya Huku Chini

Fundi Kapela ndiye aliyemwambia Nyamizi kwanza. Alipima ukuta wa sebule, akainama, akanong'ona, "Kesho napaka rangi hapa."

Nyamizi alikuwa na miaka sita. Kwake, kesho ilikuwa mbali sana.

Baba alikuwa amekwisha kuchagua. Juu krimu, chini kahawia. Alieleza kwamba kahawia haionyeshi uchafu, na uchafu wa nyumba hii wote uko chini.

Nyamizi akatazama chini.

Chini ndiko alikokaa yeye. Huko alichora. Huko alimlaza mdoli wake. Huko alilala kifudifudi na kuhesabu sisimizi. Sasa kila siku angetazama kahawia tu, kahawia, kahawia.

"Baba, mimi nataka njano," alisema. "Huku chini."

Baba akajibu kwamba njano itajaa alama za vidole ndani ya siku mbili. Hakusema vidole vya nani. Lakini Mama alimtazama Nyamizi. Fundi Kapela alimtazama Nyamizi. Hata paka alimtazama Nyamizi.

Nyamizi akaficha mikono nyuma. Kisha akautazama ukuta. Ulikuwa mweupe, wenye alama nyingi. Akaanza kuzikagua, taratibu, kama mwalimu anayesahihisha madaftari.

Tap, tap, tap. Akaenda kwenye swichi ya taa. Palikuwa na alama ya kiganja, kikubwa, chenye unga wa chapati.

Nyamizi akasimama kwa ncha za vidole. Akanyoosha mkono. Akajinyoosha, akajinyoosha.

"Mimi sifiki hapo," alisema.

Mama akakumbuka ghafla kwamba ana sufuria jikoni. Lakini hakwenda. Alitaka kuona.

Tap, tap, tap. Akaenda mlangoni. Palikuwa na mstari mrefu, mweusi. Usukani wa baiskeli iliyobebwa begani ndio ulioukwaruza, kwaruu.

Nyamizi akasimama kwa ncha za vidole. Akajinyoosha, akajinyoosha.

"Mimi sifiki hapo."

Baba akakohoa. Baiskeli ilikuwa yake.

Tap, tap, tap. Akaenda nyuma ya kiti kikubwa, kirefu. Ukutani palikuwa na duara, linang'aa kama sahani. Nyamizi alinusa. Yalikuwa mafuta ya nywele.

Akajinyoosha, akajinyoosha.

"Mimi sifiki hapo. Na nywele zangu hazinukii hivyo."

Fundi Kapela akageukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Na ile pale?" Baba aliuliza. Alionyesha chini kabisa, karibu na kapeti. Palikuwa na vidole vitano vidogo, vya rangi ya embe.

Nyamizi akachuchumaa. Akaweka mkono wake juu ya alama. Kidole juu ya kidole. Vilitoshana sawasawa.



"Hapo nafika," alisema kwa sauti ndogo.

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Kiganja chake kikaacha unga mwingine. Baba alikiona. Akaziangalia alama, moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa ya Nyamizi. Tatu zilikuwa za wakubwa, na sasa zimekuwa nne.

Baba akakuna kichwa. Akakiangalia kiganja chake, kinang'aa mafuta. Akakifutia kwenye suruali.

"Fundi," alisema, "kahawia isikae chini. Ikae katikati, tunapofika sisi."

Fundi Kapela akasema amepaka nyumba nyingi, na hajawahi kupaka hivyo. Akamwomba Baba akae kwenye kiti, apime kichwa kinapofika. Baba akakaa, wima kama anapigwa picha. Fundi akachora mstari kwa penseli.

"Na chini?" aliuliza Nyamizi.

"Chini njano," Baba alisema. "Ila atakayeichafua ataifuta mwenyewe."

Nyamizi akakubali haraka, kabla Baba hajabadili mawazo.

Kesho ikafika. Brashi ikapanda, brashi ikashuka. Fyu, fyu, fyu. Krimu juu. Fyu, fyu, fyu. Kahawia katikati. Fyu, fyu, fyu. Chini, njano kama kiini cha yai.

Nyamizi alikalia mikono yake siku nzima, ili isiende popote.

Asubuhi iliyofuata, rangi ilikuwa imekauka. Nyamizi alinawa mikono kwa sabuni, hadi kwenye viwiko. Akabeba kikombe chake cha uji, akakaa sakafuni mbele ya ukuta.

Baba akapita na chai yake. Nyamizi akamshika suruali, hakumwachia.

Baba akashuka polepole. Magoti yakalia, ko, ko. Akakaa sakafuni. Akatazama njano iliyo mbele ya macho yake, akatazama tena, akasahau kunywa chai.

"Kumbe huku ndiko kuzuri," alisema.

Nyamizi akasogea kidogo, ili Baba apate nafasi ya kunyoosha miguu.