Kiti cha Rosebellah

Kila siku akitoka shuleni, Winfred alivua sare, akala, akafanya kazi za ziada alizopewa na mwalimu, kisha akaingia kwenye kazi yake ya pili isiyo na mshahara: ukalimani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na mitano kati ya hiyo alikuwa ameishi Malaz, mtaa wa maghorofa jijini Riyadh. Baba yake, Bwana Titus, alikuwa fundi wa mitambo, na mama yake, Zipporah, alikuwa muuguzi katika hospitali iliyotumia Kiingereza. Kiarabu Winfred alikiokota kwa watoto wa majirani walipokuwa wakicheza ngazini, kikamkaa vizuri. Baba yake katika miaka yote hiyo alijifunza maneno matatu tu: yalla, halas na mafi, yaani twende, basi na hakuna.

Kwa hiyo fundi wa mabomba alipokuja, Winfred aliitwa. Mwenye nyumba alipokuja, Winfred aliitwa. "Anasema nini?" baba angeuliza, na watu wazima wawili wangenyamaza wakimsubiri msichana wa darasa la saba afungue mdomo. Nani asingevimba kichwa? Winfred alivimba, tena si kidogo.

Mwaka huo, 2015, sikukuu ya Jamhuri ya tarehe kumi na mbili Desemba iliangukia Jumamosi, siku ya mapumziko. Wakenya wa Riyadh walikodi istiraha, nyumba ya starehe nje ya mji yenye ua mkubwa na uwanja wa nyasi. Kungekuwa na nyama choma, ngoma, na mpira dhidi ya Wakenya wa Jeddah. Hao wa Jeddah wangekuja kwa basi usiku kucha, maana mwaka uliotangulia walifungwa mabao manne na jambo hilo lilikuwa bado linawawasha.

Gari la Bwana Titus lilikuwa na nafasi ya watu watano. Baba, mama, Winfred na mdogo wake Laban walikuwa wanne. Kiti cha tano mama alikuwa amemwahidi Rosebellah, Mkenya aliyefanya kazi za nyumbani kwa familia moja ya Kisaudi mitaa mitatu kutoka hapo. Walijuana dukani, na watoto walimwita Anti. Alikuwa ametimiza mwaka mmoja na miezi saba kazini bila kupumzika siku hata moja, na hakuwa na simu yake mwenyewe. Mwajiri wake, Umm Rakan, hakuwa mtu mbaya, ila alishikilia jambo moja: familia itakayomchukua Rosebellah impigie simu yeye mwenyewe, imchukue mlangoni na imrudishe mlangoni.

Alhamisi, wakati wa mapumziko shuleni, rafiki yake Stacy alimvuta Winfred kando.

"Dadi yuko kazini Jumamosi, hatuna gari. Si nyinyi mko na siti imebaki?"

"Ni ya Anti Rosebellah."

"Aii, Winfred! Kwani huyo anti ndiye rafiki yako? Sawa tu. Nitajua wewe si mtu wangu." Stacy akaondoka zake, na hawakusemezana tena mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Jioni hiyo baba alipiga namba ya Umm Rakan, akampa Winfred simu. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole. "Aende, akafurahi na watu wake," Umm Rakan alisema kwa Kiarabu. "Njooni saa mbili asubuhi. Mrudisheni kabla ya magharibi."

"Shukran," Winfred akajibu. Akakata simu, akamtazama baba yake usoni bila kupepesa. "Anasema mafi. Watakuwa na wageni."

"Masikini Rosebellah!" mama akaguna. "Na vile alivyoingoja hiyo siku."

"Basi Stacy anaweza kuja nasi?" Winfred akauliza, haraka kuliko ilivyofaa. Hakuna aliyeshtuka. Kwa nini washtuke? Tangu lini Winfred akakosea kutafsiri?

Jumamosi ilifana. Jeddah walilipiza kisasi kwa mabao mawili kwa sifuri, wakazunguka uwanja na bendera mpaka wakachoka. Winfred alicheka na Stacy tangu asubuhi hadi ulipoimbwa wimbo wa taifa. Ndipo alipowaona wanawake sita au saba waliosimama pamoja, wafanyakazi wa majumbani waliopewa ruhusa siku hiyo. Waliimba huku wakilia, wakashikana mikono. Winfred akakumbuka ni nani aliyepaswa kuwa miongoni mwao. Akaiweka kando nyama aliyokuwa akila.

Wakati wa kurudi, baba alichukua simu aliyokuwa ameiacha garini. "Mwajiri wa Rosebellah amenipigia mara tatu. Kuna nini?"

"Labda watoto wake wanachezea simu," Winfred akasema. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili, na huo wa pili ulitoka mdomoni kwa urahisi zaidi.

Jumatatu mama alimtuma Winfred mkate. Alipotoka dukani alimkuta Rosebellah akitupa mfuko wa taka. Winfred alitaka kugeuka, lakini alikuwa ameshaonekana.

"Winfred! Mko wazima nyote?" Rosebellah alimshika mabega yote mawili, akamkagua kama mtu aliyetoka hospitali. "Nilifikiri mmepata ajali. Nimewaombea siku mbili!"

"Tuko wazima, Anti."

"Asante Mungu. Basi ni gari iliharibika. Mimi niliamka saa tisa alfajiri, nikapiga pasi nguo zote ndio madam asikose kuniachilia. Nikasimama kwa mlango kutoka saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri. Mandazi niliwapikia zililiwa na watoto wa madam." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Madam alipigia babako simu, haishikwi. Akaniambia nimemwaibisha, watu wangu wanacheza na neno lake. Amesema halas, nisimwombe ruhusa tena mpaka kandarasi iishe. Lakini si makosa yenu. Gari ni gari."

Laiti Rosebellah angemgombeza! Lakini kumwombea! Winfred aliufinya mkate kwapani mpaka ukabonyea, akaaga kwa sauti isiyosikika, akakimbia.

Jioni, wakiwa mezani, alisema yote. Alisema huku akitazama sahani, na hakuficha kitu, hata zile simu tatu.

Baba akauliza polepole, "Mwenye nyumba aliposema tunaweza kukaa mwaka mwingine, alisema hivyo kweli?"

"Ndiyo, Baba! Naapa!"

"Nitajuaje?"

Swali hilo ndilo lililomliza Winfred.

Baba alishuka ghorofa ya chini, akarudi na Bwana Ibra, mfamasia kutoka Unguja aliyekijua Kiarabu kama Kiswahili. Baba, mama, Winfred na Bwana Ibra wakaenda kwa miguu hadi kwa Umm Rakan. Njiani Bwana Ibra alimwambia Winfred, "Mie sitokusaidia hata neno moja, mwanangu. Ntasikiliza tu." Kumbe sasa ulimi wa Winfred ulihitaji shahidi. Alitembea akitamani ardhi immeze.

Umm Rakan alisimama mlangoni, na Rosebellah nyuma yake. Winfred akasema kwa Kiarabu: "Wewe ulisema ndiyo. Mimi nilimwambia baba umesema hapana. Rosebellah hakukuaibisha. Ni mimi."

Baba akamtazama Bwana Ibra. Bwana Ibra akatikisa kichwa kukubali. "Ndivyo alivyosema."

Halafu ikabaki sehemu ngumu zaidi. Winfred akamgeukia Rosebellah. "Anti, gari halikuharibika. Nilidanganya ili rafiki yangu apate kiti chako."

Rosebellah alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Umm Rakan akasema maneno mengi kwa haraka, na Winfred, kwa mazoea, akafungua mdomo ili atafsiri. Baba akainua mkono kumzuia. Bwana Ibra ndiye aliyetafsiri.

"Anasema, Rosebellah, alikukasirikia bure, umsamehe. Ruhusa yako anakurudishia. Ijumaa ya tarehe ishirini na tano, kutwa nzima."

Winfred akafunga mdomo. Mkono ule wa baba ulimuuma kuliko kofi.

Siku ya Krismasi waliondoka saa mbili kamili asubuhi, watu watano garini, wakaenda jangwani nje ya mji ambako familia huwasha moto wa kuni wakati wa baridi. Rosebellah alivua viatu, akatembea mchangani akiimba. Winfred alitandika mikeka, akahudumia chai. Alipomaliza, Rosebellah alimwita akae karibu naye.

"Nimekusamehe, Winfred. Lakini ile Jumamosi hairudi. Eucabeth, tuliyetoka nyumbani naye ndege moja, alikuja na basi la Jeddah akinitafuta. Sasa ameenda Kenya kabisa. Hatukuonana."

Winfred aliinamisha kichwa. Machozi yalimdondoka mchangani.

"Sikwambii hivyo ndio ulie," Rosebellah akaendelea. "Nakwambia ndio ujue. Mtu asiyejua lugha hawezi kukuchunguza. Anakuamini tu. Ukimdanganya, hata hajui amedanganywa. Atalaumu gari, atalaumu madam, atalaumu mpaka Mungu, na wewe atakuombea. Kwa hivyo wewe unayejua, lazima useme ukweli kuliko sisi wote."

"Nitasema, Anti," Winfred akajibu, na mara hii baba hakutafuta shahidi. Alimsogezea binti yake kikombe cha chai, akamwambia anywe kabla haijapoa.