Kola ya Namba Saba

"Mwanangu, weka hiyo simu. Chakula kinapoa," alisema mama Saveta, akimwongezea Ilinca sarmale, nyama iliyoviringwa kwa majani ya kabichi, kwenye sahani.

Ilinca hakusikia. Ujumbe ulikuwa umemkuta mezani kwa wakwe, Jumapili mchana, wiki tatu kabla ya harusi:

"LINKSI NAMBA SABA. HAJASOGEA KWA SAA 24. ANADHANIWA AMEKUFA."

Miaka minne Ilinca alikuwa akimfuatilia kwa utafiti paka yule mkubwa wa msituni katika milima ya Karpati. Kola ya redio, inayotuma habari za mahali alipo, alimvisha kwa mikono yake mwenyewe. Mwezi uliopita linksi alizaa watoto watatu, na pango lake walilijua watu wawili tu, Ilinca na mchumba wake Horia.

Akafungua ramani. Nukta nyekundu haikuwa mlimani. Ilikuwa hapa hapa, kwenye ua wa nyumba hii.

"Kuna nini, mpenzi?" Horia aliuliza. "Mbona umebadilika rangi?"

"Namba Saba amekufa."

"Pole jamani. Labda dubu."

"Dubu gani huyo, Horia, anaua mlimani halafu anakuja kulala kwenye banda lenu la kuni?"

Kikulacho ki nguoni mwako, na cha Ilinca kilikuwa kimeshika uma. Hakungoja jibu. Alikimbilia bandani, akapangua kuni moja moja mpaka akaiona kola ya Namba Saba, imekatwa kwa kisu, damu imekaukia pembeni. Akakaa chini nayo.

"Nilidhani nikiikata inazimika," Horia alisema nyuma yake.

Hapo ndipo Ilinca alipopigwa na butwaa. Alitegemea Horia akane. Alikuwa tayari hata kuamini uongo.

"Ni wewe?"

"Nisikilize kwanza."

"Lile pango nilikuonyesha siku uliyonivisha pete. Hata bosi wangu sijamwambia."

"Na tangu siku hiyo unalala huko zaidi kuliko kwangu. Nikikuuliza tutakula lini, paka. Nikikuuliza habari za harusi, paka. Nimechumbia mwanamke au nimechumbia mlima? Nilifikiri akifa, utashuka."

"Umemuua mama wa watoto watatu kwa wivu?"

"Kwa mapenzi, Ilinca."

Mama Saveta alikuwa amefika mlangoni, aproni mdomoni.

"Horia, mwanangu, umefanya nini?"

"Watoto wana siku nzima hawajanyonya," Ilinca alisema, akijikongoja kuinuka.

"Twende, nitakupeleka na gari."

"Wewe? Njia unaijua, Horia. Hilo ndilo kosa langu."

Alipanda mlima peke yake, mwendo wa saa tatu. Pangoni alimkuta mmoja amekufa. Wawili walikuwa wanalia kwa sauti nyembamba, macho bado ya buluu. Akawatia ndani ya koti lake, wakaanza kutafuta titi kwenye sweta.

Simu ikatetemeka. Ujumbe wa Horia.

"Unarudi lini? Chakula chako nimekufunikia."

Alilia kwanza, maana alimpenda, na hilo halikuwa limeisha mchana ule kwa kukatwa tu kama kola. Kisha akafuta machozi, akaandika:

"Moyo wangu kwako haujasogea tangu saa saba mchana. Unadhaniwa umekufa."

Akazima simu, akaanza kushuka na watoto upande wa pili wa mlima.